Kampuni Mbili Zikiungana, Mlipa Ada Hulipia Wapi? Kisa cha Redio za Setilaiti za Marekani

Ndugu mwenyekiti, waheshimiwa walimu, wanafunzi wa sheria na wa biashara, na wageni wote mliofika,

Nawashukuru kwa kunialika. Nimeombwa nizungumzie hali ya mlaji pale ambapo kampuni mbili zinazouza huduma ileile zinaamua kuwa kampuni moja. Mada hiyo ni pana, na anayeizungumzia kwa ujumla huishia kusema mambo ambayo kila mtu anayakubali na hakuna anayeyakumbuka akishafika nyumbani. Kwa hiyo nimechagua kisa kimoja, nacho ni muungano wa kampuni mbili za redio ya setilaiti za Marekani, XM na Sirius, uliotangazwa tarehe 19 Februari 2007 na kukamilika mwishoni mwa Julai 2008. Sababu ya kukichagua ni kwamba kimekwisha kukomaa. Ahadi zilizotolewa ziko kwenye kumbukumbu za serikali, bei zilizofuata zinajulikana, kesi zilifunguliwa na zikamalizika, hivyo hatulazimiki kubashiri. Tunaweza kuweka kilichosemwa kando ya kilichotokea.

Kwa wale ambao hawajawahi kuitumia huduma hii, redio ya setilaiti ni kitu tofauti na redio ya intaneti. Mawimbi hushuka kutoka angani moja kwa moja hadi kwenye antena ndogo juu ya paa la gari, na dereva anaweza kutoka New York hadi California akisikiliza chaneli moja bila kuipoteza. Chaneli ni zaidi ya mia moja, nyingi za muziki zikiwa hazina matangazo ya biashara, na msikilizaji hulipia kwa mwezi, kama sisi tunavyolipia vifurushi vya televisheni. Mwaka 1997 Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano ya Marekani ilipiga mnada leseni mbili tu za masafa hayo. Moja ilinunuliwa kwa dola milioni 89.9 na kampuni ambayo baadaye iliitwa XM, na ya pili kwa dola milioni 83.3 na kampuni ambayo baadaye iliitwa Sirius. Tume iliandika wazi, katika uamuzi wa mwaka huohuo, kwamba mwenye leseni moja hataruhusiwa kuishika na ile ya pili, kwa sababu ilitaka msikilizaji awe na pa kukimbilia.

XM ilianza kurusha matangazo mwaka 2001 na Sirius mwaka 2002, na kufikia mwaka 2005 zote mbili zilikuwa zinatoza dola 12.95 kwa mwezi. Naomba mkiangalie kidogo kiwango hicho. Kampuni mbili hasimu zilikuwa zinatoza bei ileile hadi senti ya mwisho, jambo linaloonyesha kwamba wakati huo ushindani wao haukuwa hasa wa bei. Ulikuwa wa kununua sauti na michezo. Sirius ilimchukua mtangazaji Howard Stern kwa mkataba wa miaka mitano wenye thamani ya dola milioni 500, XM ikachukua ligi kuu ya besiboli kwa dola milioni 650 kwa miaka 11, Sirius ikawa na ligi ya soka la Kimarekani, na kila upande ukawa unaukomoa mwenzake kwa fedha za kukopa. Mwaka 2006 peke yake Sirius ilipata hasara ya takriban dola bilioni 1.1 na XM zaidi ya dola milioni 700. Aliyefaidi vita hivyo alikuwa mtangazaji, mchezaji na wakala wake. Msikilizaji alifaidi kwa sehemu tu, maana redio ya XM haikuweza kupokea Sirius, wala ya Sirius haikuweza kupokea XM. Mwenye gari la General Motors alijikuta na XM, mwenye Ford alijikuta na Sirius, na aliyetaka besiboli pamoja na Stern alilazimika kufunga vipokezi viwili na kulipa ada mbili.

Hapo ndipo kampuni hizo zilipojenga hoja yao. Mel Karmazin, mkuu wa Sirius, alifika mbele ya kamati za Bunge la Marekani na kueleza kwamba muungano ungempa msikilizaji yaliyo bora ya pande zote mbili, kwamba gharama zilizorudufiwa zingeondolewa, na kwamba bei haingepanda. Alipoulizwa kuhusu ukiritimba, jibu lilikuwa kwamba soko halikuwa la redio ya setilaiti peke yake. Lilikuwa soko la kila kinachotoa sauti ndani ya gari, kuanzia redio ya FM isiyolipiwa hadi vichezeshi vya muziki vya mfukoni na simu. Wenye vituo vya kawaida vya redio, kupitia chama chao cha watangazaji, walipinga kwa nguvu wakisema kampuni mbili zikiwa moja huo ni ukiritimba, hakuna jina jingine. Nasema kwa pembeni kwamba upinzani huo ulikuwa na kejeli yake. Kama kweli redio ya setilaiti ilikuwa soko la peke yake lisiloshindana na FM, wenye FM walikuwa wanahangaikia nini? Mtu hamwagi fedha nyingi kiasi kile kumzuia jirani ambaye hamgusi.

Wizara ya Sheria ilifunga uchunguzi wake tarehe 24 Machi 2008 bila kuweka sharti lolote. Hoja yake moja inastahili kusomwa na kila mwanafunzi wa sheria ya ushindani aliyemo humu. Iliona kwamba wateja wa zamani hawakuwa wanahama kutoka XM kwenda Sirius au kinyume chake, kwa sababu vipokezi vyao havikubaliani, na kwamba wateja wapya walikuwa wanaletwa na watengenezaji wa magari ambao tayari walikuwa wamefungwa na mikataba ya miaka mingi. Basi, kwa mtazamo huo, ushindani uliokuwa unapotea haukuwa mkubwa. Binafsi sikubaliani na namna hoja hiyo ilivyotumika. Mteja alikuwa amefungwa kwa sababu kampuni zenyewe hazikuwa zimeweka sokoni kipokezi cha kupokea huduma zote mbili, ingawa kanuni za Tume tangu mwanzo ziliwataka wabuni mfumo wa aina hiyo. Kufungwa kule kukageuka kuwa sababu ya kumruhusu aliyefunga.

Tume ya Mawasiliano ilichukua muda mrefu zaidi na ikaamua tarehe 25 Julai 2008, kwa kura tatu dhidi ya mbili. Kamishna Jonathan Adelstein, aliyepiga kura ya kupinga, alikuwa ametaka bei igandishwe kwa miaka sita. Waliounga mkono, wakiongozwa na mwenyekiti Kevin Martin, waliridhika na miaka mitatu. Kampuni mpya, iliyoitwa Sirius XM, ilijifunga kutopandisha ada ya msingi ya dola 12.95 kwa muda huo, kuanzisha vifurushi vidogo vya bei nafuu, kuuza kipokezi cha huduma zote mbili, na kutenga asilimia 4 ya chaneli kwa ajili ya elimu na maslahi ya umma na asilimia 4 nyingine kwa watangazaji huru wa makundi yasiyo na nafasi sokoni. Kabla ya idhini kampuni zilikubali pia kulipa takriban dola milioni 19.7 kwa makosa ya nyuma yaliyohusu vipokezi na mitambo ya ardhini ya kuongeza nguvu ya mawimbi iliyokiuka kanuni. Wateja waliokuwapo siku hiyo, wa pande zote mbili, walikuwa kama milioni 18.5.

Sasa tuchukue bili moja na kuisoma mstari kwa mstari, kwa sababu jibu la swali la leo limo humo. Tuseme ni familia yenye magari mawili, kila gari likiwa na redio yake. Julai 2008 familia hiyo ilikuwa inalipa dola 12.95 kwa redio ya kwanza na, kwa kuwa kulikuwa na punguzo la redio ya pili, dola 6.99 kwa ile nyingine. Jumla ni dola 19.94. Kusikiliza kwa kompyuta kulikuwa ndani ya ada hiyohiyo. Machi 2009, miezi minane baada ya idhini, ada ya redio ya pili ilipanda hadi dola 8.99, na anayetaka kusikiliza kupitia intaneti akaambiwa aongeze dola 2.99. Ilipofika mwisho wa Julai 2009 uliongezwa mstari mpya kabisa, ada ya mirabaha ya muziki, yaani malipo ya wasanii na wamiliki wa rekodi, dola 1.98 kwa redio ya kwanza na senti 97 kwa redio ya pili. Familia ileile, yenye magari yaleyale, ikawa inalipa dola 24.89, na kama ilihitaji intaneti iliyokuwa bure mwaka uliotangulia, dola 27.88. Hilo ni ongezeko la karibu asilimia 40 kwa muda wa mwaka mmoja.

Na juu kabisa ya bili hiyo bado pameandikwa dola 12.95, vilevile kama ilivyoahidiwa. Ahadi haikuvunjwa. Nauli ya daladala ilibaki palepale, ila konda alianza kutoza begi, mtoto na kiti cha dirishani. Tume ilikuwa imetaja ada ya msingi, na kilichotajwa kikalindwa, punguzo la redio ya pili halikutajwa, intaneti haikutajwa, na mirabaha ilitajwa kwa namna ya kuiruhusu, kwa kuwa kampuni ilipewa haki ya kumhamishia mteja nyongeza za mirabaha baada ya mwaka mmoja kupita. Ni kweli kwamba mirabaha yenyewe ilikuwa inapanda. Majaji wanaopanga viwango hivyo walikuwa wameamua mwishoni mwa mwaka 2007 kwamba kampuni ilipe wasanii na wamiliki wa rekodi asilimia 6 ya mapato husika mwanzoni, ikipanda hatua kwa hatua hadi asilimia 8 mwaka 2012. Gharama hiyo si ya kubuni. Ninachouliza ni kwa nini gharama ya kawaida ya biashara, ambayo muuza duka yeyote huiweka ndani ya bei yake, ilitolewa nje na kupewa mstari wake, tena katika kipindi hichohicho ambacho bei ilikuwa imefungwa.

Kilichotajwa hulindwa, kisichotajwa hulipiwa: huo ndio ujumbe wangu wote wa leo kwa wanaosomea udhibiti, na nitaufafanua kwa mambo mengine mawili.

La kwanza ni chaneli. Tarehe 12 Novemba 2008 wateja wa XM waliwasha redio zao wakakuta orodha imebadilika. Chaneli zilizokuwa zinafanana kati ya kampuni mbili ziliunganishwa, na mara nyingi iliyobaki ilikuwa ya Sirius. Kwa mfano, XM ilikuwa na chaneli tatu za roki zilizoitwa Fred, Ethel na Lucy, kila moja ikiwa na watangazaji wake na hazina yake ya nyimbo. Zote zilipotea siku hiyo. Kwa mhasibu, chaneli mbili za roki ya miaka ya themanini ni gharama inayorudiwa. Kwa msikilizaji, moja ilikuwa na mtangazaji anayemfahamu, anayepiga hata zile nyimbo zisizowahi kuvuma, na nyingine ilikuwa inarudia vibao vilevile. Hakuna sharti lililosema chochote kuhusu ubora wa kilichomo, na sidhani kama mdhibiti angeweza kuliandika sharti la namna hiyo hata angetaka. Hasara ya aina hii haipimiki kwa dola, kwa hiyo katika hesabu za muungano huandikwa kama faida, chini ya kichwa cha kupunguza gharama.

La pili ni kifurushi cha kujichagulia. Hiki ndicho kilichowavutia wengi wakati muungano unapigiwa debe: chaneli 50 unazozitaka mwenyewe kwa dola 6.99 tu, na kila chaneli ya ziada senti 25. Ahadi ilitekelezwa, lakini kifurushi kilihitaji kipokezi kipya chenye uwezo huo. Redio zilizokuwa tayari kwenye mamilioni ya magari hazikuwa nao. Mteja wa zamani, yuleyule aliyekuwa akilengwa na ahadi hiyo, angelazimika kwanza kununua redio nyingine ili aweze kulipa kidogo. Hili nalisisitiza kwa sababu ni rahisi sana kulipitisha mbele ya tume: bei nafuu ipo, imetangazwa, inauzwa, na wachache sana wanaweza kuinunua.

Zile chaneli za makundi yasiyo na nafasi nazo zilichelewa. Utaratibu wa kuzigawa ulivutana hadi mwaka 2011, Chuo Kikuu cha Howard kikiwa miongoni mwa waliopewa, na wakati huo ulinzi wa bei ulikuwa unafikia ukingoni. Tume iliomba maoni ya umma kama ulinzi huo uendelee, kisha ikauacha uishe Julai 2011. Tarehe 1 Januari 2012 ada ya msingi ikapanda kutoka dola 12.95 hadi 14.49.

Kabla ya hapo baadhi ya wateja walikuwa wamekwenda mahakamani New York kwa kesi ya pamoja, wakidai kwamba muungano ulikuwa umezaa ukiritimba na kwamba ada ya mirabaha ilizidi nyongeza halisi ya gharama. Kesi ilimalizwa kwa suluhu mwaka 2011. Kampuni ilikubali kutopandisha bei hadi mwisho wa mwaka huo. Mawakili wa wateja walilipwa dola milioni 13. Wateja wenyewe hawakupewa fedha taslimu, na nyongeza ikaja siku moja baada ya muda wa suluhu kwisha.

Ningekuwa nimewadanganya kama ningeishia hapa, kwa sababu upande wa pili wa hoja una uzito. Bei ya dola 14.49 si bei ya kutisha. Ilipanda kwa dola 1.54 baada ya miaka sita na zaidi ya kusimama, na waliotabiri kwamba kampuni iliyobaki peke yake ingepandisha ada mara mbili walikosea. Simu za mkononi na huduma za muziki za intaneti zilifika kwa kasi kuliko wapinzani wa muungano walivyodhani, zikamzuia mwenye ukiritimba asiwe mfalme kamili. Zaidi ya hayo, hata baada ya kuungana, kampuni ilifika ukingoni mwa kufilisika Februari 2009, deni likiwa limeiva na benki zikiwa zimefunga milango kutokana na mtikisiko wa fedha duniani. Iliokolewa na mkopo wa dola milioni 530 kutoka Liberty Media, kampuni ya Marekani ya vyombo vya habari, ambayo kwa malipo yake ilipewa asilimia 40 ya umiliki. Sidhani kama kampuni mbili zilizotengana zingeuvuka mwaka ule zote zikiwa hai.

Na kwamba kufa kwa kampuni ni kubaya kuliko kuungana, sisi wa Afrika tuna ushahidi wetu wenyewe. WorldSpace, iliyoasisiwa na Noah Samara, mzaliwa wa Ethiopia, ilirusha setilaiti yake ya AfriStar tarehe 28 Oktoba 1998 na kuanza kutangaza barani humu mwaka uliofuata, kabla XM na Sirius hazijasikika kwa msikilizaji yeyote. Iliwahi hata kuwa na hisa katika kampuni iliyokuja kuwa XM. Haikuungana na mtu. Oktoba 2008, miezi mitatu baada ya muungano wa Marekani kukamilika, iliomba ulinzi wa mufilisi, na India, kulikokuwa na wateja wake wengi zaidi, huduma ilizimwa tarehe 31 Desemba 2009. Waliokuwa wamelipa ada ya mwaka mzima kabla hawakuwa na wa kumdai isipokuwa foleni ya wadai wa mufilisi. Kipokezi cha WorldSpace hakikuwa na kazi nyingine, hakikupokea setilaiti ya mtu mwingine, na mwenye nacho alibaki na sanduku lenye antena.

Kwa hiyo sisemi miungano izuiwe. Nasema anayeiidhinisha aandike masharti akiwa ameshika bili ya mteja mkononi, bili nzima, pamoja na mistari ambayo bado haijaandikwa. Aseme jumla anayolipa mteja haitapanda, badala ya kusema ada ya msingi haitapanda. Akiruhusu kifurushi nafuu, kifanye kazi kwenye kifaa ambacho mteja tayari anacho. Na atamke jinsi ya kuondoka.

Hilo la kuondoka lilikuja kuonekana baadaye sana. Desemba 2023 Mwanasheria Mkuu wa Jimbo la New York, Letitia James, aliishtaki Sirius XM akidai kwamba mteja anayetaka kujitoa huzungushwa na mawakala waliofundishwa kutolikubali neno hapana. Kwa mujibu wa ofisi yake, kujitoa kwa simu kulichukua wastani wa dakika 11.5, na kwa kuandikiana mtandaoni dakika 30. Novemba 2024 jaji aliamua kwamba utaratibu huo ulikiuka sheria ya shirikisho inayotaka njia rahisi ya kusitisha huduma. Kujiunga ni suala la kubonyeza mara moja. Katika soko lenye wauzaji wawili, anayemsumbua mteja anayeaga anajua kwamba mteja huyo atasimulia kwa jirani, na jirani ataenda kwa mshindani. Katika soko la muuzaji mmoja, usumbufu huo hauna gharama.

Mwenyekiti ameniuliza, kabla sijapanda hapa, kama haya yanatuhusu sisi wenye ving'amuzi. Mwaka 2025 Canal+ ya Ufaransa ilikamilisha ununuzi wa MultiChoice, wenye DStv, na wateja wa kundi hilo jipya, Afrika, Ulaya na Asia, ni zaidi ya milioni 40. Masharti yaliyowekwa Afrika Kusini yalihusu zaidi ajira, maudhui ya ndani na nafasi ya biashara za wazawa wa nchi hiyo, na ni masharti ya maana kwa watu wa huko. Mlipa kifurushi wa Mbagala au wa Kisumu ana maswali yake: kama king'amuzi alichonacho kitaendelea kupokea, kama michezo aliyoizoea itabaki kwenye kifurushi anachokimudu au itapandishwa ngazi, na kama salio la mwezi aliokwisha kuulipia litaheshimiwa mfumo ukibadilika. Ningependa wanafunzi wa sheria mliomo humu mchukue masharti hayo pamoja na masharti ya Julai 2008, mtafute ni mstari gani wa bili ya mteja wetu ambao haujatajwa na yeyote, na mpeleke maoni yenu kwa mamlaka zetu za ushindani na mawasiliano kwa maandishi, yakiwa na kiwango, tarehe na jina la kifurushi.